Shatdauni ya kwanza ya turbaini ya mvuke: nijiandae vipi?

Fitter_Mtwapa

Habari zenu wakuu. Mimi ni fitter wa kiwanda cha saruji, upande wa vinu, gia boksi na pampu kubwa. Kubadilisha beringi na kupanga kaplingi (kiungio cha mihimili miwili) kwa dayo geji (saa ya kupimia sehemu ndogo za milimita) ni kazi ninayoifanya kila mara. Sasa kuna kontrakta ananiita kwenye shatdauni, yaani mashine inazimwa kwa ukarabati mkubwa, ya turbaini ya mvuke, kituo cha jotoardhi upande wa Naivasha, mashine ya MW 70. Kazi ni ya siku 28, saa 12 kila siku, na nimepangiwa zamu ya usiku. Anasema timu ikifanya vizuri itahamia vituo vingine, na kuanzia Novemba kuna uwezekano wa kazi Oman.

Naomba msaada kwa mambo haya. Kazi inakwendaje tangu mashine inazimwa hadi inarudi kwenye gridi? Vifaa gani niende navyo mwenyewe? Mtu aliyezoea vinu hukosea wapi akifika kwenye turbaini? Na kwenye mkataba niangalie nini kabla sijasaini?

Rota_na_Beringi

Karibu kaka. Nianze na swali lako la tatu kwa sababu hilo ndilo linalowarudisha watu nyumbani mapema. Kwenye kinu ukikosea 0.05 mm mashine inatembea na hakuna atakayejua. Kwenye turbaini ya 3000 rpm (mizunguko kwa dakika), 0.05 mm ni mtikisiko unaoonekana kwenye skrini ya chumba cha udhibiti, au ni labirinti (mihuri yenye meno inayozuia mvuke) zinazosugua rota (mhimili unaozunguka) siku ya kuwasha. Fundi mzuri wa vinu anaharakisha kufungua ili aone ubaya uko wapi. Fundi wa turbaini anapima kwanza, anaandika, ndipo anafungua. Ukifungua kabla ya kupima, hakuna namna ya kujua mashine ilikuwa imekaaje, na siku ya 20 mtakapobishana kuhusu alaimenti (mihimili kukaa kwenye mstari) hakutakuwa na karatasi ya kuamua.

Mpangilio wa kazi, kwa jumla, uko hivi.

Mashine ikishazimwa haifunguliwi siku hiyo. Rota inazungushwa polepole kwa gia ya kuzungushia huku oili ya beringi ikiendelea kupita. Ukisimamisha rota ikiwa bado moto, sehemu ya juu inabaki na joto kuliko ya chini, chuma kinatanuka upande mmoja na rota inapinda. Kila mtengenezaji ana namba yake ya joto la chuma ambapo ruhusa inatolewa kusimamisha gia. Isome kwenye kitabu cha mashine hiyo, usiichukue ya mashine nyingine. Mashine za jotoardhi zinapoa mapema kuliko za boila kwa sababu mvuke wake wenyewe hauna joto kali, lakini ngoja namba.

Baada ya hapo ni vibali na kufuli. Mvuke wa kuingia, mvuke wa mihuri, maji ya kondensa (chombo kinachogeuza mvuke kuwa maji), oili, umeme wa jenereta na wa gia ya kuzungushia: kila kimoja kina mahali pake pa kufungiwa. Weka kufuli lako binafsi hata kama kuna kufuli la timu. Zamu ya usiku ndiyo inayopokea mashine ambayo mchana imebadilishwa hali, kwa hiyo kila jioni zungukia sehemu za kufuli kwa macho yako kabla ya kugusa kitu.

Sasa vipimo vya kabla. Kwa uchache utataka hivi:

Mwendo wa rota mbele na nyuma kwenye beringi ya msukumo. Sukuma kwa jeki ndogo, soma dayo geji, rudisha, soma tena, rudia hadi usomaji ujirudie. Mashine nyingi ziko kati ya 0.25 na 0.40 mm.

Alaimenti ya kaplingi kabla ya kuachanisha na baada ya kutoa bolti zake. Hizo ni karatasi mbili tofauti.

Nafasi ya juu ya kila beringi ya jaunali (sehemu ya rota inayokaa ndani ya beringi), kwa waya wa risasi. Kanuni ya kuanzia ni 1.5 hadi 2 kwa elfu ya kipenyo, yaani jaunali ya 300 mm itegemee 0.45 hadi 0.60 mm, lakini kitabu ndicho kinachoamua. Pima pia mbano wa kofia ya beringi juu ya beringi yenyewe. Ukilegea, beringi inacheza ndani ya nyumba yake na mtikisiko utautafuta sehemu zote usiuone.

Mahali rota ilipo kulingana na kesingi (ganda la mashine), mbele na nyuma, kwenye sehemu iliyowekewa alama na mtengenezaji.

Ukishafungua kesingi ya juu unaongeza nafasi za labirinti na za ncha za bledi (mapanga ya rota), kushoto na kulia, kwa fila geji (visahani vya unene maalumu) ndefu, kabla rota haijanyanyuliwa. Halafu rota inatoka, inawekwa kwenye stendi, jaunali zinapakwa oili na kufungwa vizuri, na kuanzia hapo kazi inagawanyika: wa kusafisha, wa kukagua nyufa, wa beringi, wa vali.

Kesingi ya juu isinyanyuliwe na kreni peke yake kutoka kwenye kiungo. Pakeni oili nguzo za kuongozea, zifungeni, kisha itengwe kwa bolti za jeki za pembeni, kidogo kidogo, mtu mmoja kila pembe akiwa na rula. Pembe zote nne ziende sawa. Ikifika milimita kadhaa simameni mwangalie kwa tochi: je, kuna diaframu (sahani inayobeba nozeli za mvuke) imeng'ang'ania juu? Je, uzito unaosomwa kwenye kreni unakaribia ule wa kwenye mchoro? Kama umeupita, kuna bolti au pini imesahaulika ndani. Shusha, tafuta. Ukiona mtu anaongeza nguvu ya kreni ili "iachie", toka chini na useme kwa sauti isimame. Kila mtu eneo hilo ana haki ya kusimamisha unyanyuaji, hata saidia fundi.

Bolti_Moto

Niongeze kwenye bolti za kesingi, maana mtu wa vinu anazijua za spana ya kugonga tu.

Bolti kubwa za kiungo cha kesingi zina tundu katikati kutoka juu hadi chini. Unaingiza fimbo ya kupasha joto, bolti inarefuka, nati inazunguka kwa mkono au kwa spana fupi. Wakati wa kufunga ni hivyo hivyo kinyume chake: unaibana nati ikiwa baridi hadi ikae, unapasha bolti joto, unaizungusha nati kiasi kilichopangwa, unaiacha ipoe, inajivuta yenyewe.

Kiasi gani? Thamani inayotumika sana ni urefu kuongezeka 0.0015 ya urefu unaobeba mzigo. Bolti yenye 500 mm kati ya nati na nati itaongezeka 0.75 mm. Ikiwa uzi wake una hatua ya 4 mm, nati inatakiwa izunguke digrii 67 hivi. Kwenye nati yenye kipenyo cha nje 135 mm hiyo ni kama 80 mm kwenye mzingo, unaweka alama ya chaki ya chuma kwenye nati na kwenye kesingi kabla ya kupasha. Chuma cha kawaida kinahitaji joto lipande karibu digrii 125 juu ya lile la kesingi ili kirefuke hivyo. Kwa hiyo ukiona bolti imeshafika joto hilo na nati bado haitembei, tatizo si joto, ni uzi uliokwama au fimbo ya joto isiyofika chini ya tundu.

Makosa ninayoyaona yakirudiwa: kupima urefu bolti ikiwa bado ya vuguvugu. Urefu unapimwa kwa maikromita ya kina ikiwa baridi kabla, na ikiwa baridi kabisa baada. Kesingi nene inashika joto muda mrefu, mara nyingi bolti za zamu ya usiku zinapimwa na zamu ya mchana, na hilo ni sawa mradi namba za bolti zimeandikwa. Kosa la pili ni kufunga kuanzia mwisho mmoja kwenda mwisho wa pili. Mpangilio uko kwenye kitabu, kwa kawaida unaanza katikati, kushoto na kulia kwa zamu, ili kiungo kijilaze.

Nati ikianza kung'ata, simama. Rudisha nyuma nusu mzunguko, tia mafuta ya kupenyeza, pasha joto upya. Ukiilazimisha uzi unachubuka na kinachofuata ni kukata nati, kazi ya nusu siku kwa bolti moja, na bolti mpya ya saizi hiyo haipatikani dukani Nakuru.

Mvuke_wa_Ardhini

Mkuu Fitter, hao wenzangu wamesema ya turbaini yoyote. Jotoardhi ina mambo yake na mengine ni ya uhai.

Gesi kwanza. Mvuke wa visimani unakuja na gesi zisizogeuka maji, na ndani yake kuna hidrojeni salfaidi. Ni nzito kuliko hewa, inakaa mashimoni, kwenye kondensa, kwenye mitaro ya mabomba, chini ya sakafu ya turbaini. Ile harufu ya yai bovu usiifanye kipimo: ikifika karibu ppm 100 (sehemu 100 kwa milioni ya hewa) pua inakufa ganzi na unadhani imeondoka. Kengele ya kipimo cha mkononi huwekwa ppm 10. Vaa kipimo kifuani, si mfukoni wala kwenye begi. Kuingia kondensa ni kuingia sehemu iliyofungwa: kibali chake peke yake, hewa inapimwa juu, katikati na chini, feni inavuta muda wote, mtu anabaki mlangoni na orodha ya walioingia. Na mtu akianguka ndani, anayebaki nje haingii kumfuata bila mtungi wa hewa. Hapo ndipo wanakufa wawili badala ya mmoja.

Gesi hiyohiyo inakula shaba. Waya za vifaa, viunganishi, hata sarafu mfukoni vinageuka vyeusi. Ndiyo maana vyumba vya umeme kwenye vituo hivi huwa na hewa iliyochujwa na milango inayotakiwa kufungwa. Usiiegemeze na kipande cha mbao ili mpitishe kebo.

Ndani ya mashine utakutana na ukoko wa silika. Unaanza kwenye nozeli za hatua ya kwanza, unapunguza njia ya mvuke, shinikizo la kabla ya nozeli linapanda na megawati zinashuka. Waulize waendeshaji wakuonyeshe shinikizo hilo kwa miezi iliyopita. Ukijua lilikuwa linapanda, utajua mapema kwamba diaframu ya kwanza itahitaji muda mwingi. Ukoko huo ni mgumu, unatolewa kwa kupuliza mchanga maalumu, si kwa patasi. Kabla ya kupuliza, funika jaunali, kola ya msukumo, uso wa kaplingi na tundu la katikati la rota kama lipo. Chembe moja ya mchanga ikibaki ndani ya nyumba ya beringi itaandika mstari kwenye babiti yote (chuma laini cha ndani ya beringi).

Hatua za mwisho zina ugonjwa mwingine, matone ya maji. Ukingo wa mbele wa bledi ndefu unachimbika, na kile kipande kigumu kinachoulinda kinaweza kung'oka. Pia mizizi ya bledi ipimwe nyufa baada ya kusafishwa vizuri, kwa sababu mvuke wenye klorini na salfa pamoja na mzigo wa mzunguko ni hali inayozaa nyufa nyembamba. Kazi hiyo ni ya wakaguzi wenye cheti, wewe wasaidie kwa kusafisha kikamilifu na kwa kuzungusha rota taratibu wanapotaka.

Kuhusu eneo lenyewe: vituo vya jotoardhi vya Olkaria, huko Naivasha, vinabeba mzigo wa msingi wa gridi, kwa hiyo mashine zinatolewa moja moja na tarehe ya kurudi inaangaliwa sana. Shinikizo la ratiba litakuja wiki ya tatu. Kuna baridi pia usiku huko juu, beba sweta ya kuvaa ndani ya ovaroli. Mtu anayetetemeka hasomi maikromita sawasawa.

Fitter_Mtwapa

Shukrani nyingi wakuu, nimeandika yote kwenye daftari. Swali la nyongeza: alaimenti. Kwenye vinu napanga kaplingi hadi zero. Nimesikia kwenye turbaini zero si lengo. Nielewesheni. Na vifaa bado sijajibiwa.

Rota_na_Beringi

Ni kweli, mara nyingi zero si lengo. Rota ndefu inalala kidogo katikati kwa uzito wake, kwa hiyo nyuso za kaplingi mbili haziwi wima sambamba zikiwa huru. Zaidi ya hapo, mashine ikiwa kazini nguzo za beringi zinapanda kwa joto, na ombwe la kondensa linavuta muundo chini. Mtengenezaji ameshapiga hesabu na amekupa namba: uwazi wa juu au wa chini kiasi gani, na rota ipi ikae juu ya nyingine ikiwa baridi. Unapanga kufikia namba hiyo.

Namna ya kusoma ni ileile unayoijua, ila zungusha rota zote mbili pamoja na uhakikishe usomaji wako unajifunga. Mfano: juu 0, kulia +0.12, chini +0.20, kushoto +0.08. Juu na chini jumla 0.20, kulia na kushoto jumla 0.20. Usomaji ni halali. Jumla zikipishana zaidi ya 0.02 usianze kubadilisha shimu (vipande vyembamba vya kuinulia beringi), tafuta kilicholegea: mguu wa sumaku, mkono wa dayo, au rota iliyosogea mbele na nyuma wakati wa kuzungusha.

Halafu ondoa mlegeo wa mkono wa dayo. Ufunge mkono uleule kwenye bomba gumu, weka zero juu, geuza bomba chini. Tuseme unasoma -0.06. Basi usomaji wa chini wa kweli si +0.20 bali +0.26, na pembeni unaongeza nusu yake, 0.03 kila upande, kwa hiyo 0.15 na 0.11, jumla 0.26, bado unajifunga. Rota inayosomwa iko chini kwa nusu, yaani 0.13. Ungesahau mlegeo ungeinua 0.10 tu na ungeshangaa siku ya kuwasha.

Uso wa kaplingi ndio unaoadhibu zaidi. Kaplingi ya kipenyo cha 600 mm ikiwa na tofauti ya uwazi ya 0.05 kati ya juu na chini, na beringi ya mbali iko 4000 mm kutoka kwenye kaplingi, unahitaji kuisogeza beringi hiyo 0.33 mm. Ndiyo sababu ninasema 0.05 si kitu kidogo. Shimu ziwe za chuma kisichoshika kutu, safi, na chache. Tatu nene ni bora kuliko tisa nyembamba zinazobanana taratibu mashine ikitembea.

Ukifunga bolti za kaplingi, pima tena mzunguko wake kwa dayo. Bolti na nati zake zinarudi kwenye matundu yaleyale, zina alama, na zimepimwa uzito kwa jozi. Usichanganye.

Kibali_na_Kufuli

Vifaa. Kontrakta huleta vya kunyanyulia, vya kupasha joto, jeki za haidroliki, spana kubwa na maikromita za vipenyo vikubwa. Vyako binafsi viwe hivi: dayo geji mbili za 0.01 mm na miguu ya sumaku, fila geji ya kawaida na moja ndefu, maikromita 0–25 na 25–50, kipima kina, rula ya chuma, pimamaji nzuri ya mashine kama unayo, kioo kidogo cha ukaguzi, tochi ya kichwani yenye betri ya akiba, jiwe la mafuta la kulainishia uso wa kiungo, tupa laini, na kalamu ya kuandika kwenye chuma. Maikromita na dayo zipelekwe kupimwa usahihi, shirika la viwango la KEBS kwa Kenya, TBS kwa upande wetu Tanzania, na cheti kisiwe kimepita miezi 12. Bila karatasi hiyo vipimo vyako havikubaliwi na mwakilishi wa mtengenezaji, hata viwe sahihi. Ukisafiri kwa ndege, vitu vyenye sumaku na vya chuma viende kwenye mzigo wa chini.

Piga rangi au chonga alama yako kwenye kila kifaa, kisha andika orodha. Orodha hiyo haihusu wizi tu. Turbaini ikiwa wazi, kila kinachoingia eneo la rota kinaandikwa mlangoni na kila kinachotoka kinafutwa. Kifaa kimoja kikikosekana, kesingi haifungwi hadi kipatikane. Mifuko ya juu ya ovaroli izibwe kwa gundi ya utepe, pete na saa ziachwe kwenye kabati, miwani ifungwe kamba, tochi ifungwe kamba. Brashi ya waya usiingie nayo kabisa, inaacha nyuzi. Matundu ya mabomba ya mvuke yafunikwe kwa plaiwudi iliyofungwa bolti na kupakwa rangi inayoonekana mbali. Si matambara: tambara linaweza kusukumwa ndani likasahaulika.

Bolti_Moto

Nakubaliana na yote isipokuwa moja, jiwe la mafuta na tupa. Jiwe kwenye uso wa kiungo, sawa, likiwa bapa na kwa mkono mwepesi, kuondoa vinundu tu. Tupa isiguse kiungo wala jaunali. Na msasa kwenye jaunali usipigwe kwa vidole mahali pamoja, unatengeneza bonde usiloliona. Mkwaruzo kwenye jaunali ukishika kucha, mwite msimamizi, kuna mkanda wa kung'arishia unaozungushwa pande zote sawa.

Kibali_na_Kufuli

Sahihi mkuu. Tupa niliitaja kwa ajili ya shimu na kingo za vifuniko, ningetenganisha.

Mvuke_wa_Ardhini

Kufunga na kuwasha hakujaguswa, niweke kwa ufupi kwa sababu fitter wengi hudhani kazi imekwisha kesingi ikifungwa.

Kabla kesingi ya juu haijarudi, itajaribiwa tupu bila pasta ya kuzibia, bolti chache zikabanwa, na kiungo kikapimwa kwa fila ya 0.03 au 0.05. Ikiingia, mnajua mahali pa kushughulikia kabla ya pasta kupakwa. Pasta ipakwe nyembamba, iache nafasi ukingo wa ndani, maana inayobanwa na kuingia ndani inakwenda kwenye mvuke.

Oili inasafishwa kwa kuzungushwa kabla ya kupita kwenye beringi. Weka mabomba ya muda yanayoruka beringi, vichujio vya wavu laini mwishoni, oili ya joto la digrii 60 hadi 70, na gonga mabomba kwa nyundo ya mpira sehemu za kona na za kuchomelea. Joto lipandishwe na kushushwa ili mabomba yatanuke na kusinyaa, uchafu uachie. Vichujio vinafunguliwa kila saa chache. Mnaendelea hadi kichujio kitoke bila chembe ngumu, hata kama ratiba inasema leo. Babiti ya bati inaanza kuyeyuka karibu digrii 240 tu, na beringi iliyokosa oili kwa sekunde chache inafika huko.

Kisha gia ya kuzungushia kwa saa nyingi, mnaangalia mpindo wa rota unashuka na kutulia. Mihuri ipewe mvuke baada ya rota kuanza kuzunguka, kamwe si kabla. Mwendo wa kwanza ni wa chini, karibu 500 rpm, mvuke unafungwa na watu wanasikiliza kwa fimbo ya kusikilizia kwenye kila nyumba ya beringi na kila muhuri. Msuguano unasikika. Baada ya hapo mwendo unapandishwa na hakuna kusimama kwenye kasi hatari za rota, hizo zinapitwa. Ikiwa 3000 rpm na imetulia, kuna jaribio la kuzima kwa kasi ya kupita kiasi, kwa kawaida karibu 110%, yaani 3300. Wakati wa jaribio hilo sakafu ya turbaini iwe tupu. Oman ni 50 Hz kama kwetu, namba hazibadiliki. Ukipelekwa Saudia gridi yao ni 60 Hz, mashine ni 3600 na jaribio ni 3960 hivi.

Zamu_ya_Pili

Mkataba sasa. Uliza kwa maandishi:

Malipo ni kwa siku au kwa saa, na saa zinazozidi 12 zinalipwaje. Siku za kusubiri zinalipwa? Hili ni la maana kuliko kiwango chenyewe. Shatdauni inasogezwa na mwendesha gridi, au mashine haijapoa, au kipuri kimekwama bandarini Mombasa, na wewe uko hotelini Naivasha unakula pesa yako.

Usafiri wa kuja na kurudi, malazi, chakula cha zamu ya usiku. Jikoni nyingi za kambi zinafunga saa 3 usiku, chakula cha saa 7 usiku lazima kiwe kimeandikwa.

Bima ya kuumia kazini. Kenya kuna sheria ya WIBA, Tanzania kuna mfuko wa WCF. Jina lako liwe kwenye orodha kabla ya kuingia getini, si baada ya wiki ya kwanza. Omba nakala.

Nani anapima afya na kutoa mafunzo ya gesi na ya sehemu zilizofungwa, na siku hizo zinalipwa.

Vyeti vyako vya ufundi vya NITA (Kenya) au VETA (Tanzania), skani vyote viwe kwenye simu na kwenye barua pepe. Pamoja navyo tengeneza orodha ya kazi ulizofanya: aina ya mashine, ukubwa, sehemu uliyoshika, miezi. Makontrakta wa Ghuba hawasomi maelezo marefu, wanatafuta mistari hiyo. Msimu wao ni kuanzia Novemba hadi Machi kwa sababu majira ya joto viyoyozi vinameza umeme wote na hakuna mashine inayoruhusiwa kuzimwa, kwa hiyo karatasi ziwe tayari mwezi wa nane. Kwa Kenya wakala awe amesajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira, na mkataba usaini kabla ya kupanda ndege. Ukibadilishiwa mwingine ukifika kule, usisaini kabla hujawasiliana na ubalozi.

Na kwenye kazi hii ya kwanza omba uwekwe upande wa beringi na alaimenti, kwa kuwa huo ndio unaoujua. Kila jioni soma karatasi za vipimo za zamu ya mchana kabla ya kuzipokea, na pale namba isipoeleweka muulize aliyeipima akiwa bado hajaondoka. Akishapanda basi la kambi hutampata hadi asubuhi, na wewe utakuwa umeshapima upya kila kitu.

Fitter_Mtwapa

Nimewaelewa wakuu. Nimemwandikia kontrakta kuhusu siku za kusubiri na bima, na dayo zangu nazipeleka KEBS Jumatatu. Waya wa risasi ninunue wa unene gani?

Rota_na_Beringi

Mara moja na nusu ya nafasi unayotegemea. Kwa 0.50 mm chukua wa 0.75 au 0.80. Uwe laini kabisa, mpya, na usiubane kupita nusu ya unene wake, la sivyo unakandamiza babiti yenyewe. Weka vipande vitatu: mbele, katikati na nyuma ya jaunali, na vingine vya pembeni kwenye kiungo cha beringi. Nafasi ni unene wa juu ukitoa wastani wa pembeni. Ukisoma tofauti kati ya mbele na nyuma, beringi haijakaa sambamba na rota, na hilo liandike kabla ya kugusa shimu.